Mbio za baiskeli za siku nyingi mlimani: jinsi ya kufika siku ya mwisho ukiwa bado na miguu

Siku ya kwanza ya mbio zangu za kwanza za mlimani nilimaliza nafasi ya kumi na nne, nikalala nikijiona bingwa. Siku ya nne nilikuwa nasukuma baiskeli kwenye mpando ambao mzee mmoja mwenye ndevu nyeupe aliupita akiwa ameketi kwenye siti, anapiga mluzi. Sikuwa mgonjwa, na baiskeli ilikuwa nzima. Nilikuwa nimekopa pumzi siku ya kwanza, na ukishapita mita 3,000 juu ya usawa wa bahari mkopo wa pumzi haulipiki kwa usiku mmoja.

Yote yaliyomo humu yanatokana na deni hilo. Namwandikia mtu ambaye tayari anaimudu baiskeli ya milimani, amewahi kumaliza mbio za siku moja, na sasa anazitamani zile za siku tatu, nne au sita mfululizo mahali ambapo hewa ni nyepesi.

1. Soma miinuko kabla ya kulipa ada

Umbali hudanganya. Kilomita 60 zinaweza kuwa saa tatu au saa saba. Kwenye ramani ya mbio tafuta kwanza jumla ya mita za kupanda kwa kila siku, kisha sehemu ya juu kabisa ya njia, halafu jambo ambalo wengi hulisahau: mtalala wapi. Mwili hujitengeneza usiku, na usiku wa mita 3,000 haulingani na usiku wa mita 1,500.

Cape Epic ya Afrika Kusini huchukua siku nane na imewatoa wengi machozi, lakini ugumu wake ni joto, vumbi na umbali, hewa yenyewe ipo ya kutosha. Breck Epic ya Colorado, Marekani, ni ya siku sita, na mji wa Breckenridge unapofanyikia uko karibu mita 2,900, maana yake hata ukienda kununua sabuni unahema. Yak Attack ya Nepal imewahi kuvuka kivuko cha Thorong La, mita 5,416, ambako shinikizo la hewa ni karibu nusu ya lile la pwani. Kwa mara ya kwanza chagua mbio zinazolala chini ya mita 3,000 na kugusa juu zaidi mchana tu.

Soma pia kanuni: muda wa mwisho wa kupita kila kituo, vifaa vya lazima, cheti cha daktari. Mkiingia wawili wawili, mtafute mtu mnayelingana kwenye kupanda, hata kama kwenye mteremko mmoja ni hodari kuliko mwenzake. Cape Epic, kwa mfano, haiwaruhusu wenza kuachana kwa zaidi ya dakika mbili. Dakika mbili kwenye kilima kirefu huisha haraka, na urafiki pia.

2. Jua hewa itakufanya nini

Watu husema juu kuna oksijeni kidogo. Ukweli ni kwamba kiwango chake hewani ni kilekile, takriban asilimia 21, ila shinikizo limeshuka, hivyo kila pumzi inaingiza kidogo. Kwenye mita 3,000 shinikizo ni kama asilimia 70 ya lile la usawa wa bahari. Ukishapita mita 1,500, kila mita 1,000 zinazoongezeka hupunguza uwezo wa juu wa mwili kutumia oksijeni kwa kiasi cha asilimia 6 au 7, na wanariadha waliofanya mazoezi sana mara nyingi hupoteza zaidi kuliko mtu wa kawaida. Usishangae basi ukiona mwenzako mwenye kitambi anavumilia vizuri kuliko wewe.

Mwili hujibu kwa awamu. Saa za kwanza unahema zaidi na kukojoa zaidi. Siku chache za mwanzo sehemu ya majimaji ya damu hupungua, ndiyo maana moyo unapiga mbio hata ukipanda ngazi. Amri ya kutengeneza chembe nyekundu mpya hutolewa mapema, ndani ya siku moja au mbili, lakini chembe zenyewe huchukua wiki tatu na zaidi kufikia wingi wa maana. Asitokee mtu kukwambia siku nne zinatosha "kuzoea kabisa".

3. Mazoezi: jifunze siku ya pili

Anza wiki 12 hadi 16 kabla. Mtu anayejiandaa kwa mbio za siku moja hutafuta siku moja kubwa. Wewe tafuta siku inayofuata ile kubwa. Panda kwa muda wa saa nne Jumamosi, kisha Jumapili rudi tena kwa saa tatu na miguu mizito vilevile ilivyo. Mara moja kwa mwezi fanya siku tatu mfululizo, ile ya tatu ukiiendesha taratibu lakini bila kuikatisha. Hapo ndipo utajua kama siti yako inakufaa, kama tumbo lako linakubali chakula ukiwa umechoka, na kama mkono wa kulia huwa unakufa ganzi baada ya saa kumi za kushika breki.

Katikati ya wiki weka vipindi viwili vya kupanda kwa juhudi ya kati, dakika 15 hadi 20 kila kimoja, ukirudia mara tatu. Mazoezi ya mgongo na tumbo, dakika ishirini mara mbili kwa wiki, basi.

Jambo moja hupuuzwa sana: kutembea. Mbio za juu zina sehemu ambazo karibu kila mtu hushuka na kusukuma au kuibeba baiskeli begani. Kama hujawahi kutembea nusu saa mlimani na viatu vyako vya mbio, utaijua soli yake siku usiyoitaka. Zoea pia kushika baiskeli upande wa bonde, wewe ukiwa upande wa mlima.

Miezi miwili kabla, mwombe daktari apime damu yako, hasa akiba ya madini ya chuma. Bila chuma cha kutosha mwili hauwezi kutengeneza hizo chembe nyekundu unazozitegemea. Lakini usijinunulie vidonge vya chuma kwa kubahatisha. Chuma kikizidi nacho kina madhara.

4. Fika mapema, au ukubali hasara

Kuna ujanja wa zamani: fika jioni ya kuamkia mbio, shindana kabla mwili haujashtuka, ondoka. Kwa mbio za siku moja una mantiki. Kwa mbio za siku sita ni mtego, kwa sababu usiku wa kwanza hadi wa tatu ndio mbaya zaidi, na utaupitia ukiwa katikati ya mashindano.

Wiki mbili ni nzuri. Wiki moja inavumilika. Ukipata siku nne tu, hesabu kwamba siku mbili za mwanzo za mbio ni sehemu ya kuzoea, uziendeshe hivyo. Ukishapita mita 3,000, usipandishe mahali pa kulala kwa zaidi ya mita 500 kwa usiku, na kila baada ya siku tatu au nne lala mahali palepale siku mbili. Mchana unaweza kupanda juu zaidi, ilimradi urudi chini kulala.

Siku mbili za kwanza usifanye mazoezi makali. Zunguka saa moja, pumua kwa pua ukiweza, rudi. Usiku unaweza kuzinduka ghafla kana kwamba mtu amekuziba mdomo: pumzi husimama sekunde kadhaa, kisha huja kwa kasi. Inatisha, lakini ni kawaida huko juu na hupungua kadiri mwili unavyozoea. Pombe na dawa za usingizi huizidisha, viache.

Kuhusu vidonge: acetazolamide hutumiwa sana na wapanda milima kujikinga na ugonjwa wa mwinuko, na wengi hukwambia "meza tu". Kwa mshindani ni hatari ya aina nyingine. Dawa hiyo ni ya kuongeza mkojo, na iko kwenye orodha ya dawa zilizopigwa marufuku na WADA, shirika la kimataifa la kupambana na dawa za kusisimua misuli. Kama daktari anaona unaihitaji, tafuta kibali cha matibabu kabla ya mbio, au nenda kama mtalii.

5. Baiskeli: anza na upepo wa tairi

Hapa ndipo nilipopoteza dakika nyingi bila kujua. Tairi ukiijaza upepo pwani hadi psi 22 (psi ni kipimo cha shinikizo la upepo), ukaisafirisha hadi mita 3,000 bila kuigusa, geji itasoma karibu psi 26. Hewa ya ndani haijaongezeka. Ya nje ndiyo imepungua, hivyo tairi inatuna kidogo zaidi kwa nje na kuwa ngumu. Mimi niliruka juu ya mawe siku nzima nikilaumu shokapu. Pima upya ukifika, kisha pima kila asubuhi kwenye baridi, kwa geji yako mwenyewe, maana za kuazima hazikubaliani. Shokapu za upepo nazo zicheki kwa pampu yake, ingawa tofauti yake haisikiki sana.

Gia: ongeza wepesi kuliko unavyodhani ni heshima. Kama nyumbani unatumia gia ya mbele yenye meno 32, weka 30, au hata 28, na nyuma kaseti, yaani seti ya gia za nyuma, inayofika meno 50 au 52. Nguvu zako zitapungua lakini mlima utabaki na ukali wake. Mtu anayekanyaga pedali taratibu kwa nguvu nyingi huchosha misuli, na misuli iliyochoka haijirudi vizuri mahali pasipo na hewa.

Breki ndizo za kuheshimiwa zaidi. Mteremko wa mita 1,200 mfululizo hupika diski hadi rangi ibadilike. Diski za milimita 180 mbele na nyuma si anasa. Pedi za unga wa chuma hustahimili joto na matope kuliko zile laini, ingawa hupiga kelele. Badilisha mafuta ya breki kabla ya safari na ubebe jozi mbili za pedi, kwani siku moja ya mvua na mchanga yaweza kumaliza jozi nzima.

Tairi zisizo na tyubu ndizo za kutumia, na dawa mpya ya kuziba pancha ndani. Ile ya zamani hukauka baada ya miezi michache na kugeuka ngozi. Mfukoni beba tyubu moja, vijiti vya kuzibia matundu, pampu ndogo, kiungo cha cheni, vifunguo, na kile kipande kidogo cha alumini kinachoshikilia kibadilisha gia cha nyuma. Kimetengenezwa kikatike ili fremu isikatike, na fremu nyingi zina cha aina yake, hivyo huenda usipate wa kukuazima.

6. Kuendesha: usikope siku ya kwanza

Mapigo ya moyo yatakuchanganya. Huko juu, kwa juhudi ndogo moyo hupiga haraka kuliko kawaida, lakini kilele chake hushuka. Namba ulizozizoea za "kati" na "kali" hazina maana tena. Kama una kipima nguvu, punguza malengo yako kwa asilimia 10 hadi 20 kulingana na mwinuko. Kama huna, tumia mdomo. Siku ya kwanza na ya pili, kwenye mpando mrefu, uweze kutamka sentensi nzima. Ukibaki na maneno mawili matatu, uko kwenye kiwango cha siku ya mwisho. Ukibaki na neno moja, unakopa.

Hatari kubwa zaidi ni ile mikurupuko midogo: kijilima cha mita thelathini unachokirukia kwa kusimama, mtu anayekupita na wewe unamjibu. Pwani ungerudisha pumzi baada ya dakika moja. Mlimani hiyo dakika inakuwa tatu, na zikijirudia mara ishirini kwa siku umeshaimaliza kesho yako. Kwenye kijilima kama hicho shusha gia kabla hujafika, kaa kwenye siti, mwache apite. Utamkuta.

Nakubali kutoa ruhusa mahali pamoja tu: mwanzo, kama njia ya upana wa gari inageuka ndani ya kilomita moja au mbili kuwa njia nyembamba ya mtu mmoja. Ukikaa nyuma sana hapo utasimama foleni kila kwenye mzizi na jiwe. Tumia dakika mbili za juhudi kupata nafasi unayostahili, si zaidi ya unayostahili, kisha tulia. Anayekuja nyuma kwa kasi akiomba njia, sema upande utakaompisha na umpishe panapofaa. Bado una siku tano na watu haohao.

Mteremko si mapumziko kamili. Ubongo uliokosa oksijeni huchelewa kuamua, na wewe hutambui kuchelewa huko, unahisi tu kwamba kona imekuja mapema. Vuta pumzi tano ndefu kileleni kabla ya kuachia, vaa koti ukiwa bado una joto, angalia mbali. Piga breki kwa nguvu na kwa muda mfupi badala ya kuzishikilia nusunusu njia nzima.

Hali ya hewa: joto hushuka kwa takriban nyuzi 6.5 kila mita 1,000 unazopanda, na upepo wa mteremko huongeza baridi juu yake. Koti lisilopitisha maji na glavu ndefu havikai kwenye begi la kituo cha mbele, vinakaa mgongoni mwako. Katika milima kama Rocky ya Amerika Kaskazini, mchana wa kiangazi huleta radi, ndiyo maana waandaaji huwaanzisha watu asubuhi mapema. Ukisikia ngurumo ukiwa kwenye ukingo wazi, shuka kwanza, nafasi utaitafuta baadaye. Jua nalo huchoma kuliko unavyohisi, kwani miale yake huongezeka kwa karibu asilimia 10 kila mita 1,000. Paka mafuta ya kukinga jua hata ndani ya pua.

7. Kula ukiwa huna hamu

Hamu ya chakula hupotea juu, huku mwili ukitumia wanga kwa wingi zaidi. Lengo ni gramu 60 hadi 90 za wanga kwa saa, na njia pekee ninayoiamini ni saa yenye kengele kila dakika 20. Kengele ikilia unakula, hujiulizi kama una njaa. Kufikia siku ya tatu vitu vitamu vitakuchefua, kwa hiyo beba kitu cha chumvi. Kula kwenye tambarare au mpando mwepesi, kwa vipande vidogo, maana kutafuna na kuhema havipatani.

Maji hupotea kwa pumzi kwenye hewa kavu bila wewe kuona jasho. Nusu lita hadi robo tatu ya lita kwa saa humtosha mtu wa kawaida, pamoja na chumvi kidogo. Usijilazimishe kunywa lita baada ya lita, kwani damu ikipungukiwa chumvi nayo ni ugonjwa, na dalili zake hufanana na za mwinuko.

Ukimaliza, nusu saa ya kwanza ni ya kula. Kiasi cha gramu moja ya wanga kwa kila kilo ya uzito wako, na gramu 20 hadi 30 za protini. Mambo ya kusimulia yatasubiri.

8. Jioni kwa mpangilio uleule

Kula, vua kaptula ya mbio mara moja, oga, osha baiskeli, inua miguu. Kaptula iliyolowa ndiyo mzazi wa vipele vya makalio, na kipele kimoja siku ya pili ni kustaafu siku ya tano. Kuwa na kaptula safi kwa kila siku na upake krimu kabla, si baada ya kuumia. Kwenye baiskeli: futa na upake cheni mafuta, angalia unene wa pedi, kaza skrubu, zungusha magurudumu. Dakika 25, kisha nenda kalale.

9. Dalili za kuacha

Kichwa kuuma pamoja na kichefuchefu, kizunguzungu au uchovu usioeleweka: uchukulie kuwa ni ugonjwa wa mwinuko mpaka uthibitike vinginevyo. Ukiwa na dalili hizo usipande zaidi. Zisipotulia, shuka. Mwambie daktari wa mbio bila kuficha. Najua watu wanaoficha, nami niliwahi kuwa mmoja wao.

Mbili hizi hazina mjadala. Mtu akishindwa kutembea mstari ulionyooka kisigino kwa kidole, au akianza kuongea mambo yasiyoeleweka, ubongo wake unavimba. Mtu akikosa pumzi akiwa amekaa tu, akikohoa, hasa makohozi yenye povu la rangi ya waridi, mapafu yake yanajaa maji. Wote wawili washushwe hapohapo, usiku au mchana, na wasiachwe washuke peke yao.

10. Siku ya mwisho

Sasa unaweza kukopa. Endesha nusu ya kwanza kama siku nyingine zote, kisha kwenye mpando mrefu wa mwisho achia kile kilichobaki, ukianza robo ya njia kabla ya kilele ili usizimike karibu na watu wanaopiga picha. Utawapita wengi waliokupita siku ya kwanza. Mwishoni utatetemeka: vaa koti kabla ya kupokea medali, kula, na usiendeshe gari mwenyewe kushuka jioni hiyo. Kama hakuna dereva mwingine, lipia usiku mmoja zaidi.